Debe la Karanga za Nyumbani

Fikiri alipata mke kabla hajaota meno, na mke mwenyewe alikuwa ameshaanza kupoteza ya kwake. Ndivyo mambo yalivyo kule Choma ya Igunga: bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume wa maneno, wanatupiana vijembe tangu mtoto yuko mgongoni mpaka mmoja wao aingie kaburini. Bibi Kabula, mama wa baba yake Fikiri, aliichukua ndoa hiyo kwa moyo wote. Siku Fikiri alipofundishwa kuamkia wakubwa, alimwendea bibi yake akamwambia shikamoo, na bibi akakataa kuitikia. Alimuuliza amemwona wapi mume anayemwamkia mkewe shikamoo, au anataka majirani waseme kalishwa limbwata. Tangu hapo Fikiri alitoa shikamoo kwa kijiji kizima, hata kwa wengine wasioistahili, isipokuwa kwa yule mmoja.

Ndoa ya aina hiyo ina haki yake ya mwisho. Bibi akifa, mjukuu ndiye mgane. Anajilaza chini mbele ya jeneza, anasema mkewe hatoki hapa, na watu hawapiti mpaka wampe anachodai. Wapo wanaodai kuku, wapo wanaodai soda, na anayedai hanuniwi wala hakataliwi, maana kumkatalia mgane siku hiyo ni kumtukana marehemu.

"Usije ukaniuza kwa kreti la soda," Bibi Kabula alizoea kumwonya. "Dai kitu ambacho watakitoa huku kinawauma."

Fikiri alikuwa akimjibu kwamba atadai mke mwingine, mwenye meno.

Alipomaliza kidato cha nne, matokeo yake yalichekesha kuliko yeye mwenyewe. Shangazi yake Suzana, binti wa Bibi Kabula, akamchukua Tabora mjini akamsaidie kazi. Suzana alikuwa na chumba cha biashara Kanyenye, akisaga siagi ya karanga na unga wa lishe wa watoto. Karanga zake za kwanza, na zile alizozipenda kuliko zote, zilitoka kwa mama yake. Kila baada ya mavuno magunia yalipakiwa kwenye basi kule Choma, yakafuata njia ambayo Bibi Kabula aliapa ndiyo ile waliyopita wapagazi wa zamani na pembe zao za ndovu begani, ila sasa ina lami na matuta, na wapagazi wamekuwa makondakta.

Biashara ikakua, Suzana akataka alama ya ubora kwenye makopo yake, ili maduka makubwa yasimwone mchuuzi wa vichochoroni. Watu wa viwango wakaja. Wakasema dari izibwe, sakafu ipakwe upya, wafanyakazi wavae kofia za kufunika nywele. Fikiri alijitazama kwenye kioo na kofia yake, akasema anafanana na mama mwenye nyumba aliyetoroka saluni. Walicheka chumba kizima, mpaka mkaguzi aliyewaongoza watu wa viwango. Kisha mkaguzi akachota karanga kidogo katika kila gunia, akaenda nazo kupima.

Aliporudi hakuwa na kicheko. Alimkalisha Suzana kwenye benchi, Fikiri akiwa mlangoni, akasema magunia ya Choma yana sumukuvu. Ni sumu inayoletwa na ukungu, akaeleza, na mara nyingi macho hayaioni. Kuosha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Inaingia kidogo kidogo na chakula, miaka na miaka, inakaa kwenye ini. Watoto wadogo ndio inaowaonea zaidi. Halafu akauliza, kwa upole tu, karanga za huko zinamenywaje.

Suzana akamjibu kama alivyofanya tangu utotoni. Karanga zikiwa na maganda yake zinanyunyiziwa maji jioni, zinafunikwa na gunia, zinalala. Asubuhi ganda limekuwa laini, linapasuka bila kuumiza dole gumba. Wanawake wanakaa uani pamoja, wanamenya huku wanapiga soga. Alipofika hapo sauti ikampungua, kwa sababu aliona uso wa mkaguzi na akajua kwamba unyevu ule ndio unaoulisha ukungu.

"Na zile mnazozichambua?" mkaguzi akauliza. "Zilizosinyaa, zenye weusi. Mnazitupa wapi?"

Suzana alijua hazitupwi. Tangu akiwa mtoto, karanga nono zilikwenda gunia la kuuza, na zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizoota kijani, ziliingia kwenye debe nyuma ya mlango wa jikoni. Debe hilo liliitwa la nyumbani. Humo ndimo mlimotoka karanga za kuungia mlenda, za kupikia michembe ya viazi vitamu vikavu, za kuwapa watoto kiganja kimoja wanapolia njaa. Hakuna aliyeona vibaya. Mgeni na mnunuzi wanapewa kizuri, na wenye nyumba wanajisitiri na kinachobaki. Kwa Bibi Kabula hayo ndiyo yalikuwa malezi mema.

Mkaguzi alipoondoka Suzana alikaa palepale. Alama ya ubora ilikuwa imemtoka kichwani. Alikuwa anamfikiria mama yake, na alikuwa anamfikiria Siwema, kitukuu mdogo wa Bibi Kabula, binti wa dada yake Fikiri aliyefariki, ambaye bibi alimlea na kumlisha kutoka debe lile lile. Siwema alikuwa na umri wa kwenda shule ya awali na kimo cha mtoto anayejifunza kusimama. Bibi alikuwa akisema ni mbegu fupi, kama baba yake.

"Nitamwambiaje mama kwamba alitulisha sumu?" Suzana akasema. "Mtoto hamwambii mzazi neno hilo. Wewe ni mume wake. Mwambie."

Ni kweli kwamba mjukuu anaweza kumwambia bibi lolote. Fikiri akaona kazi ni nyepesi. Akapanda basi akiwa anajichekea mwenyewe, anatunga namna atakavyomchokoza.

Alimkuta uani na wenzake, maganda yamejaa mpaka magotini, magunia yaliyolowa yanatoa harufu ya udongo wa mvua. Jirani yao Kashindye, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyemwona kwanza, akamtangazia bibi kwamba bwana wake karudi kutoka mjini na hana hata sukari mkononi. Bibi akasema basi huyo si bwana, ni mpangaji. Fikiri akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaanza. Alisema amekuja kutoa talaka, kwa sababu amegundua mkewe anataka kumuua kwa sumu ili aolewe na kijana.

Wakacheka. Akaendelea. Akasema karanga zimepimwa mjini kwa mashine, zimekutwa na sumu ya ukungu, na chanzo ni maji wanayozilowesha. Bibi akamuuliza hiyo mashine imeolewa wapi mpaka ijue mambo ya jikoni kwake. Akasema wapagazi walikula karanga za hapa, wakabeba mizigo mpaka pwani kwa miguu, na hakuna aliyesikika akilalamika tumbo.

"Wapagazi hao wako wapi leo?" Fikiri akamjibu. "Wote wamekufa."

Hapo uani palivunjika kwa kicheko. Kashindye alijifuta machozi kwa pindo la khanga. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu wa kulia, akabaki ameushika kwa muda kidogo baada ya wengine kunyamaza, na Fikiri aliona, akadhani ni kicheko.

Kilichofuata ndicho alichokirudia baadaye kichwani mwake kuliko yote. Bibi alikubali. Alisema kama mwanawe Suzana atapata aibu mjini, basi karanga za kumpelekea zitamenywa kavu, vidole vipasuke tu, na zitaanikwa juu ya turubai badala ya ardhini. Fikiri akashukuru. Akauliza, na zile za debe? Bibi akampungia mkono.

"Hizo si za kuuzwa. Tutakula sisi. Mimi mwenyewe nimeshaoza, mbovu mwenzangu ataniharibu nini?"

Maneno yalikuwa matamu namna yalivyotupwa, na Fikiri akacheka. Alicheka pamoja na wote. Alitaka kusema neno jingine, la kawaida, lisilo na chumvi, akatafuta namna ya kuliingiza, akakosa. Yeye na bibi yake hawakuwahi kuzungumza hivyo. Hawakuwa na lugha ya hivyo. Siwema alikuja akaegemea goti lake, mkononi karanga zake nyeusi nyeusi, akampa moja. Fikiri akaipokea, akajifanya kuila, akaiangusha kwenye maganda.

Mjini alimwambia shangazi yake kwamba bibi kaelewa. Na kwa upande wa magunia ilikuwa kweli. Mwaka ule karanga za Choma zilipimwa zikapita, Suzana akapata alama yake, makopo yakapanda rafu za maduka. Kila mtu aliyemnunulia mwanawe siagi ile mjini Tabora alilindwa na vidole vilivyopasuka vya Bibi Kabula. Ila viwango viliishia pale gunia liliposhonwa mdomo. Jikoni kwa mshonaji havikuingia.

Mvua zilipoanza, simu ikaja kutoka kwa baba mkubwa Lugembe, mwana wa kwanza wa bibi, mtu wa maneno machache. Alisema mama tumbo limemjaa na macho yamekuwa ya njano. Wakamleta Tabora. Bibi alishuka kwenye gari mwembamba mikono na miguu, tumbo limetangulia mbele, akamwambia Fikiri asijivune, mimba si yake.

Daktari aliwaita ndani shangazi na mpwa wake. Alisema ini limeharibika, limeharibika kwa miaka mingi, na uvimbe umekwishasambaa. Suzana aliuliza kama ni karanga. Daktari hakutaka kunyoosha kidole kwa kitu kimoja. Alisema yako mengi yanayoleta ugonjwa ule, na sumukuvu ni mojawapo, hasa kwa mtu aliyeila maisha yake yote. Akauliza kama mgonjwa alikuwa mnywaji. Hakuwahi kuonja pombe. Akauliza nani mwingine anakula naye. Suzana alitaja jina la Siwema, kisha akatoka nje akaegemea ukuta.

Bibi alikataa kufia mjini. Alisema Kanyenye kuna kelele, malaika wake hatasikia akiitwa. Lugembe akamrudisha Choma. Suzana akabaki kutafuta dawa za maumivu, na Fikiri akafuata siku chache baadaye na dawa hizo kwenye begi.

Alifika asubuhi, jua limeshapanda. Bibi alikuwa amelazwa sebuleni karibu na dirisha, ngozi imeshika mifupa. Kwenye mkeka kando yake Siwema alikuwa amekaa na bakuli, anakula michembe iliyopikwa na karanga. Fikiri aliinama akaziangalia. Zilikuwa zimesinyaa, nyingine na madoa. Za debe.

Bibi alimsikia, akafumbua macho. Midomo ikaanza kujipanga kwa kijembe. Ilikuwa inamchukua muda siku hizo. Fikiri alijua akisubiri kitafika, naye atajibu, na watacheka, na mtoto atamaliza bakuli. Akalichukua bakuli mikononi mwa Siwema, akaliweka dirishani. Akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

Siwema alikuwa amefungua kinywa alilie chakula chake, akakisahau wazi. Bibi Kabula alimtazama Fikiri kama mtu aliyeletewa barua ya serikali. Kijembe kilichokuwa njiani kilirudi kilikotoka. Alimtazama muda mrefu, na polepole uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mama mzee ambao Fikiri hakuwahi kuonyeshwa.

"Marahaba," akasema. "Kumbe ulikuwa husemi utani."

Fikiri akamwambia kwamba hakuwa anasema utani. Akamweleza yote upya, kwa sauti ya chini, bila pilipili: unyevu, ukungu, ini, kimo cha Siwema. Bibi alisikiliza. Aliuliza swali moja tu, kama mama yake Siwema naye alikula sana za debe alipokuwa mdogo. Fikiri akasema hajui yule alikufa na nini, na hakuna atakayejua. Bibi akageuza uso ukutani. Machozi yake yalikuwa machache, ya mtu aliyekaukiwa. Fikiri alimshika mkono. Aliona kwamba amempata bibi wa kumsikiliza na amempoteza mke, vyote kwa neno moja.

Kisha bibi akageuka tena. Aliagiza debe lake litolewe nyuma ya mlango, likazikwe mbali na kuku. Lugembe alilibeba bila kuuliza. Fikiri akasema atawaambia na majirani, maana kila nyumba ya Choma ina debe lake.

"Usiwaambie sasa," bibi akasema. "Watacheka kama nilivyocheka mimi. Ngoja siku ambayo hawawezi kukukatalia."

Fikiri alielewa ni siku gani, akatikisa kichwa kama mtoto anayekataa dawa. Bibi akamfinya kidole, bila nguvu yoyote, kuonyesha kwamba mazungumzo yameisha. Hawakutaniana tena. Alifariki kabla mahindi hayajafika magotini.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka barabarani. Katekista alimaliza sala, wanaume wakainama kulinyanyua jeneza, na macho yote yakamtafuta Fikiri. Walijua wanachosubiri. Alitoka kwenye mstari wa wafiwa, akatembea mpaka katikati ya njia, akajilaza chali kwenye vumbi na suruali yake nyeusi ya mjini. Kicheko kikaanza, kile kicheko cha msibani kinachotoka na kamasi. Mmoja akamrushia sarafu. Kashindye akaleta jogoo, akasema mgane apewe mboga aache kuzuia njia.

Fikiri alisema hataki jogoo. Alisema mkewe aliwahi kumwonya asimuuze kwa bei ya kreti la soda, na yeye ni mume anayesikia. Anachotaka ni debe la nyumbani la kila jikoni. Zile karanga za nyuma ya mlango, zote, ziletwe hapa, zimwagwe kwenye shimo alilolichimba asubuhi kule nje ya uwanja, ndipo ataamka.

Wakacheka zaidi. Wakasema mgane kachanganyikiwa, anadai takataka. Yeye hakucheka. Alibaki chini, anatazama mbingu, machozi yanamwingia masikioni, na kidogo kidogo kicheko kikapungua, kikafika mahali kikaisha. Mtu akauliza kwa sauti ya kawaida, watoto wale nini jioni. Suzana akasimama. Ndiye aliyekuwa hawezi kumwambia mama yake. Akawaambia wanawake wa Choma mbele ya jeneza la mama yake kwamba kilichomlaza mama ndani ya sanduku lile huenda kilitoka kwenye debe, na kwamba yeye atawapelekea karanga njema za kula kutoka ghala lake mpaka mavuno yajayo. Wao walete madebe yao, wamwage, wafukie.

Jeneza lilisubiri juani. Kashindye aliondoka wa kwanza, kwa hasira, jogoo bado kwapani. Watu wakadhani amesusa. Alirudi na debe kichwani, akalipita jeneza bila kulitazama, akamimina shimoni. Wengine wakafuata. Debe, sufuria, kapu, kitambaa kilichofungwa fundo. Si wote. Wako waliosema nyumbani kwao zimekwisha, na Fikiri alijua zipo, na kwa desturi hakuwa na ruhusa ya kumuumbua mtu.

Mwaka uliofuata wanawake wa uani kwa Bibi Kabula walimenya kavu, vidole wamevizungushia vitambaa, mpaka Suzana alipowanunulia mashine ndogo ya kubangua, ya kuzungusha kwa mkono. Mbovu sasa zina shimo lake. Siwema ameongezeka kimo kidogo, mwalimu wake anasema anashika masomo haraka kuliko zamani. Soga zimepungua, kwa sababu mashine inafanya kwa asubuhi moja kazi iliyokuwa ya wiki, na kwa sababu aliyekuwa anaongoza soga hayupo. Mara nyingine Kashindye hutupa kijembe, kisha anasubiri jibu litoke upande ule wa kinu, anakumbuka, anaendelea kuzungusha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, debe la mwisho lilipomwagwa, Fikiri aliinuka. Vumbi lilikuwa limemshika mgongo mzima. Alisogea pembeni, wanaume wakalinyanyua jeneza, na likapita karibu naye kiasi cha kuligusa. Watu walimtazama, kwa kuwa mgane hupewa nafasi ya utani wa mwisho, na walijua yeye anao mwingi.

Akafungua kinywa. Kilichotoka ni shikamoo tu, ndogo, kama ya mtoto anayefundishwa.

Alisimama palepale mpaka jeneza likafika kaburini, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.